Pumzi ya Mkwe

Mama yangu na mume wangu walipendana sana, ila hawakuwahi kutazamana usoni. Kwetu Usukumani mama mkwe na mkwewe wa kiume huheshimiana kwa kukwepana. Mama akimwona anakuja kwenye njia ya Didia, anajifunika kitenge na kuingia shamba la watu mpaka apite. Halafu jioni ananipa fungu la michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa: "Mpelekee baba watoto, huko Geita hawana viazi kama vyetu." Shukrani nazo zilirudi kupitia kwangu. Niliwacheka wote wawili.

Mume wangu yuko kikosi cha uokoaji mgodini, huko Geita. Alipotoka mafunzoni alinichosha na mto wa kulalia, mara anaubonyeza, mara anaupuliza. "Aliyekosa hewa shimoni na aliyezama majini ni wale wale," alisema. "Moyo umesimama kwa sababu hewa imekwisha. Ukimbonyeza kifua bila kumpa pumzi, unazungusha damu isiyo na kitu." Nikamwambia kama anataka busu aseme tu, asisingizie kazi. Basi nikajifunza nusunusu.

Kiangazi kilichofuata alikuwa nyumbani, likizo. Mchana mmoja mama alikwenda lamboni kuchota maji, na ukingo ulikuwa umekanyagwa na ng'ombe mpaka ukawa utelezi mtupu. Tuliposikia mayowe tulikimbia sote wawili. Tulimkuta baba yangu mdogo ameshamvuta nje. Mama hapumui, kitenge kimebaki majini, yuko nusu uchi kwenye tope. Mume wangu alimwona, na papo hapo akageuka, akatupa mgongo.

Jamani! Wala hakufikiri. Ni mwili tu uligeuka, kama mkono unavyokwepa moto.

Baba mdogo alitaka kumwinua miguu juu ili maji yatoke. Mume wangu akapaza sauti huku uso wake uko kwenye ua wa minyaa: "Acha, baba! Mlaze chali! Mama watoto, mbane pua, mpulizie!" Nikapuliza. Mdomo wa mama ulikuwa na ladha ya tope. "Kifua kinapanda?" akauliza. "Kinapanda!" nikajibu, maana niliona nguo yake ya ndani inainuka. Baba mdogo akabonyeza kifua kama alivyoelekezwa, mimi nikapuliza tena. Kinapanda? Kinapanda! Nilimwita kwa Kisukuma, mayu, mayu, mama, kila nilipovuta hewa.

Kumbe lililokuwa linapanda ni tumbo. Baba mdogo alikuwa amevua shati, akalikunja na kumwekea chini ya kichwa, kwa huruma tu, asilalie tope. Kidevu kikalala kifuani, koo likajifunga, hewa yangu yote ikaenda kusikotakiwa. Mtu aliyefundishwa angeona kwa kutupa jicho moja. Na mtu huyo alikuwa pale pale, anatazama minyaa, anauliza kinapanda.

Mwishowe nikashikwa na hasira. "Geuka! Wewe ndiye unayejua, geuka!" Baba mdogo akainamisha kichwa, akasema polepole, "Geuka, baba." Mume wangu akageuka, akaja. Akalivuta lile shati, akakiinua kidevu, akaweka mdomo wake juu ya mdomo wa mama mkwe wake. Kifua kikapanda. Kilipanda vizuri kabisa, kama cha mtu aliyelala. Akapuliza na kubonyeza mpaka jasho likamdondokea mama usoni, lakini moyo haukurudi.

Msibani wanawake walinong'ona kuhusu mdomo wa mkwe. Kuhusu shati hakuna aliyesema neno. Ningewatukana, lakini ningemtukana nani? Baba mdogo aliyevua shati lake? Mume wangu, aliyefanya heshima kama alivyolelewa? Mama mwenyewe angekufa kwa aibu kama angejua mkwe amemwona vile. Nimetafuta wa kumlaumu, sijampata, na hilo ndilo linaloniua.

Zikapita wiki nyingi. Siku moja tukiwa tunakula mume wangu akaacha tonge. "Nilipogeuka, pumzi yangu ya kwanza tu ilipita," alisema. "Ya kwanza tu." Akanitazama muda mrefu, machozi yanamtoka.

"Kumbe wewe na mama mlifanana hivyo," akasema. "Sikuwa najua."

Tangu siku ile, akinitazama usoni, mimi ndiye ninayegeuka.