Karata za Mama Lalit na Kaburi la Dundori

Mama yangu aliwahi kumpelekea mwanamke wa Kihindi gunia zima la viazi ili amwonyeshe karata moja tu.

Karata yenyewe ilikuwa na picha ya mtu amening'inizwa mguu mmoja, kichwa chini.

Alirudi nyumbani akitukana njia nzima. Baba alipouliza kuna nini, akajibiwa kwamba kuna wizi.

Ninyi mnaodhani mambo ya karata za taroti na kutuliza akili yameletwa na vijana wa mitandaoni, hebu kaeni chini. Hii ni ya mwanzoni mwa miaka ya sabini, hapa hapa Nakuru, na nimesimuliwa na mwenyewe mara nyingi kuliko nilivyotaka. Nilikuwa sijazaliwa. Nitaisema kama alivyoisema yeye, na hasira zake zote, maana ukiziondoa hasira hapabaki mama.

Jina lake Wamuyu. Kabla ya kuhamia mjini, yeye na baba yangu, Ndung'u, walikuwa vibarua kwenye shamba la Mzungu kule Dundori. Huko ndiko walikomzaa kifungua mimba wao, Njoki.

Huko huko surua ikamchukua, akiwa bado anayumba akitembea.

Wakamzika mwisho wa shamba la pareto, kando ya ua, wakapanga mawe juu yake.

Baadaye Mzungu akauza, akaenda kwao. Kampuni ya wananchi ikanunua shamba, na wazazi wangu wakajinyima mpaka wakapata hisa. Wakati huo walikuwa wanaishi Nakuru mjini, mtaa wa Section 58, baba akifanya kazi gereji, mama akiuza viazi na kabeji sokoni.

Sasa shamba likawa linataka kugawanywa. Na mashamba yale yaligawanywa kwa kura. Namba zinaandikwa kwenye vikaratasi, vinakunjwa, vinatiwa ndani ya kofia, kila mwanachama anachomoa kimoja. Ukichomoa bonde zuri, umepata. Ukichomoa mawe, utakula mawe.

Mama alitaka kipande kimoja tu. Kile chenye Njoki.

Akaenda kwa mwenyekiti wa kamati, mzee mmoja anaitwa Ngigi.

"Mzee, mtoto wangu amelala pale. Nipeni hiyo tu, hata kama ni mbaya. Sitaki kura."

Ngigi akakuna kidevu. Hakuwa mtu mbaya. Kilichomuudhi mama ni kwamba alikuwa na haki.

"Mama Njoki, karibu kila mtu ako na mtu wake amezikwa huku. Nikikupa wewe, hao wengine nitawaambia nini? Kura ni kura."

Mama Njoki. Watu walikuwa wanalitamka jina hilo kama salamu tu. Yeye lilikuwa linamchoma kila mara, na hakuwahi kumkataza mtu kulitumia.

Nyumbani nako hakukuwa na msaada. Baba alikuwa mtu wa maneno machache, na hayo machache yalikuwa ya kukera.

"Maji yakimwagika hayazoleki," akasema.

"Nani hapa amezungumza habari ya maji?"

Baba akachukua koti, akaenda zake. Katika nyumba ile jina la Njoki lilikuwa likiingia kwa mlango wa mbele, baba anatokea wa nyuma.

Aliyeleta habari ya karata ni Cheptanui, muuza maziwa aliyekuwa anakaa karibu na meza ya mama pale sokoni.

"Unamjua Mama Lalit wa duka la kona? Ako na karata za Mzungu. Kila asubuhi anatoa moja, anaiangalia mpaka macho inasimama. Nimemwona na macho yangu. Hiyo kitu inaona mbele."

"Inaona namba?"

"Kama inaona kesho, itashindwa na namba?"

Mama hakusubiri hata kufunga biashara.

Mama Lalit, jina lake la kuzaliwa Bhagwanti, alikuwa mjane. Mumewe alikuwa amemwachia duka, cherehani na mtoto mmoja. Zamani alikuwa akimshonea nguo memsahib mmoja wa Kizungu, na yule memsahib alipoondoka akamwachia pakiti ya karata za picha. Hazikuwa zile za kuchezea kamari. Hizi zilikuwa na wafalme, nyota, mnara unaopigwa na radi, na watu wenye vikombe mkononi.

"Mama Lalit," mama akaanza, "nasikia uko na karata zinasema mambo ya mbele. Mimi nataka namba moja tu."

Mama Lalit akatikisa kichwa. "Hapana, mama. Hii karata hapana sema kesho. Nasema leo tu. Namba hakuna."

Sasa hapa lazima muielewe Nakuru ya wakati ule. Sukari ilikuwa inaadimika kila kukicha. Ukiingia dukani ukauliza, unaambiwa hakuna. Na wewe unajua iko, na mwenye duka anajua unajua. Iko chini ya kaunta, imewekewa wateja wanaojulikana.

Kwa hiyo mtu wa Nakuru akiambiwa hakuna, haendi nyumbani. Anaanza kutafuta kujulikana.

Mama akaanza na kabeji. Akaileta kubwa, ya Dundori, bado ina umande. Kesho yake akaleta karoti. Akawa anamuulizia Lalit, anamuulizia kikohozi cha Lalit, anasifu vitambaa ambavyo hana mpango wa kununua. Kila mara akimaliza anachungulia chini ya kaunta, kana kwamba namba imekaa pale kwenye mfuko wa khaki.

"Ile kitu iko leo?"

"Hapana, mama."

Ndipo akaleta gunia la viazi.

Mama Lalit akaliangalia gunia, akamwangalia mama, akashusha pumzi. Akamvutia kiti. Akachanganya karata, akamwambia achague moja, akaigeuza.

Yule wa kichwa chini.

"Angalia," akasema.

"Nimeangalia. Namba iko wapi?"

"Wacha namba. Angalia uso yake."

"Mama Lalit, huyu mtu amenyongwa! Sisi tulishaona watu wakinyongwa na Mzungu, nimekuja hapa unionyeshe tena?"

"Yeye nalia?"

Mama akaangalia, basi tu kwa heshima ya viazi vyake. Yule mtu hakuwa analia. Uso wake ulikuwa umetulia, kama mtu anayesubiri chai.

"Halii."

"Basi. Kuna kitu nashika yeye mguu, hapana toka. Yeye naona hiyo kitu. Wewe pia iko na kitu. Kaa, pumua, ona yeye kwanza."

Mama akakaa. Akapumua. Akangoja. Akajua sasa ndiyo namba itatoka.

Mama Lalit akaenda kumpimia mteja mafuta ya taa.

"Gunia zima!" alimwambia baba jioni ile. "Gunia zima, Ndung'u, nifundishwe kupumua! Si hapa nyumbani napumua bure?"

Ungedhani angeacha. Wapi! Akajiambia yule mama anampima tu, aone kama ni mteja wa kweli. Akarudi. Akaonyeshwa mnara wa radi. Akarudi tena. Akaonyeshwa mwanamke ameshika simba mdomo. Kila siku swali ni lile lile.

"Leo ndani yako iko nini?"

"Hakuna."

Hata yeye akajua kusema hakuna.

Ilimkera mno. Alikuwa akitoka pale anatembea kwa kishindo, watu sokoni wanamwachia njia. Kura inakaribia, kamati imekataa, mume hasemi, na mtu pekee aliyebaki anamwonyesha picha!

Asubuhi moja karata ilikuwa ya mzee amesimama peke yake na taa. Mama akaiangalia bila hamu. Alikuwa amechoka hata kukasirika vizuri.

"Ndani yako iko nini?"

"Niko na hasira na Njoki," mama akasema.

Akashtuka. Aliniapia kwamba hayo maneno hakuyapanga. Alikuwa amewakasirikia Ngigi, baba, Mzungu, surua yenyewe. Hakujua kwamba chini ya wote hao alikuwa amemkasirikia mtoto wake kwa kufa.

Akalia pale dukani, wateja wakiingia na kutoka. Mama Lalit hakumwambia anyamaze. Alimmiminia chai, akakaa karibu yake.

"Mzee yangu alikufa," akasema baadaye. "Mimi nauliza hii karata, kwa nini? Kila siku, kwa nini? Hapana jibu. Sasa hapana uliza. Naona tu iko nini leo, halafu nafungua duka."

Hapo ndipo mama alipoamini kwamba chini ya kaunta hakukuwa na kitu.

Siku ya kura ikafika. Watu walijaa pale shambani, wengine wamelala njiani ili wawahi. Mama alipoitwa, akatia mkono kofiani, akachomoa, akampa Ngigi asome.

Vigelegele vikalipuka. Kipande cha bondeni, tambarare, karibu na mto! Wanawake wakamkumbatia. Wakadhani machozi yake ni ya furaha.

Kile cha kando ya pareto, chenye mteremko na mawe, kilichomolewa na mama mmoja mzee aitwaye Wariara. Hakuna aliyempigia kigelegele.

"Sasa unalia nini?" Ngigi akamnong'oneza mama. "Mpima ardhi hajaweka alama. Mkikubaliana na Wariara mbadilishane, mimi naandika tu. Na nani atakataa bonde achukue mawe? Tena mawe yenye kaburi ya mtu?"

Kweli. Nani atakataa? Watu wetu kaburi la mtu wasiyemjua hawataki hata kulipita karibu.

Mama akamwambia baba. Baba akamwangalia. Bonde lile lingetulisha sote.

"Nenda ubadilishe," akasema. "Basi tupumzike."

Wiki ile mama akapanda Dundori. Alikuwa na uhakika kama mtu aliyekwisha kulipa. Akaukuta ule mteremko, akamkuta na Wariara, ameinama kando ya ua.

Alikuwa kwenye kaburi.

Damu ikampanda mama. Akadhani mawe yanang'olewa, na akaongeza mwendo huku maneno yamejaa mdomoni.

Mawe yalikuwa yameoshwa. Magugu yaliyokuwa yamemshinda mama miaka yote ile ya kuishi mjini yalikuwa yameng'olewa, yamelundikwa kando. Fito zilikuwa zimechomekwa kuzunguka pale ili ng'ombe wasikanyage.

"Karibu, mami," Wariara akasema, akijifuta mikono. "Pita hapa, usikanyage huyu mtoto."

"Umejuaje ni mtoto?"

"Si unaona udogo wake? Sijui ni wa nani. Wangu wawili walikufa wakati wa Emergency, ile vita ya Mau Mau, tukiwa tumefungiwa na Mzungu kwa kijiji. Walizikwa na wengine, mimi nikiwa kwa kazi ya lazima. Hata leo hakuna mtu amewahi kunionyesha mahali." Akarudisha jiwe moja lililokuwa limeteleza. "Nilipopata hapa nikaona huyu. Nikasema wacha nimtunze. Labda na wangu huko waliko kuna mtu anawatunza."

Mama alisimama. Alikuwa amekuja na neno moja, tubadilishane, na lilikuwa pale pale kwenye ulimi.

Akamwangalia yule mama kama alivyofundishwa kuangalia, bila kumuuliza atampa nini. Akaona mikono yenye udongo wa kaburi la mtoto wake. Akaangalia na ndani yake mwenyewe, akaikuta ile hasira imekaa, na chini yake uchungu mtupu.

"Ni wangu," akasema. "Anaitwa Njoki."

Wariara akaruka nyuma kama aliyekutwa akiiba. "Ngai! Nisamehe, mama. Chukua shamba lako. Mimi hata leo natoka, twende kwa Ngigi."

Kile alichokililia mwaka mzima kikawa kinatolewa kwake, bure.

"Hapana," mama akasema. "Kaa naye."

Sasa mnisikie. Kila mara akifika hapa nilikuwa ninakasirika. Nilimwambia wazi: mama, ulikuwa mjinga. Ulipigania kitu mpaka ukakipata, halafu ukakiacha?

Akanijibu: "Njoki alikuwa na mama wa kumlilia. Hakuwa na mtu wa kumsalimia asubuhi."

Tangu siku hiyo sikumwita mjinga tena.

Siku hizi mimi nami ninawaangalizia watu karata, na hunitumia ujumbe wakitaka ziwaambie kama mume atarudi, kama visa itatoka. Ninawaambia sijui. Wanaleta mbinu, wanadhani nimeficha kitu. Wangemuuliza mama yangu.

Kukubali hakumaanishi useme ni sawa. Mtoto kufa kwa surua si sawa hata leo. Mama aliendelea kukasirika mpaka uzee, na baba aliendelea kutoka kwa mlango wa nyuma. Ila liangalie jambo lako lilivyo, hata kama limekushika mguu, kabla hujaenda kumnyang'anya mtu mwingine cha kushikilia.

Wariara alipofariki, wanawe hawakuwepo kusema azikwe wapi.

Mama ndiye aliyesema. Wakamlaza karibu na Njoki.