Jirani Anavyotua

Bingwa wetu wa jimnastiki, jirani wa ghorofa ya tatu, aliyeingizwa ukumbi wa mazoezi hapa Wuhan akiwa bado na meno ya utoto, hashiki kitu kabla hajasugua viganja, kana kwamba anajipaka ile chaki ya kuzuia mikono isiteleze kwenye vyuma. Husugua kabla ya kubeba kapu la kabichi, husugua hata kabla ya kunipa mkono. Mchana wa kuamkia mwaka mpya alipanda stuli abandike karatasi nyekundu ya heri juu ya mlango, stuli ikateleza. Akajipindua hewani, akatua wima, mikono juu, kidevu juu, tabasamu pana.

“Mama wee, huyu paka!” Bi Miao, jirani mwenzetu, akacheka. “Haya shusha mikono, dada, tumekuona.”

Hakushusha. Aliutazama ukuta akitabasamu, jasho likimtiririka kwenye baridi ile, nasi tukatazamana tusijue anangoja nini. Ndipo nikaona kifundo chake cha mguu kimepinda vibaya.

“Umeumia?”

“Nimetua vizuri?” akauliza, tabasamu lile lile.

Nikapiga makofi. Bi Miao naye akapiga. Hapo ndipo aliposhusha mikono, akakaa chini, akapiga yowe.