Kumkagua Mchumba Kwenye Matuta ya Theluji

Nilitoka Louisville kwa sababu ya swali moja la shemeji yangu. Mama Neema, mjane wa marehemu kaka yangu, aliniita nyumbani kwake mtaa wa Highview, akazima televisheni, akasema: "Neema anataka kuolewa na Bahati, yule kijana wa Buffalo mwenye kuruka mu theluji. Mi nilishazika bwana, Papa Furaha. Sitaki mtoto wangu azike wake juu ya mchezo. Wende uone. Ule mchezo unaua ao hauue?"

Kwetu Uvira, mwanamume akiomba binti, familia hutuma wajumbe wakamwone alipo bila kumwarifu. Hutazama anavyoishi, anavyosema na wakubwa na anavyofanya kazi. Hawatoi jibu hukohuko. Hurudi nalo nyumbani, mama mzazi alisikie kwanza. Kaka hayupo, mimi ndiye baba mdogo, kwa hiyo kazi ilikuwa yangu.

Sikusoma shule ndefu, lakini jambo nisilolijua hulitafuta. Niliomba likizo ghalani ninakofanya kazi, nikakaa maktaba nikisoma na kutazama video. Mchezo huo unaitwa mogul. Mtu hushuka kwa skii, zile mbao ndefu nyembamba zinazofungwa miguuni, kwenye mteremko uliojaa matuta ya theluji, na njiani hukutana na vilima viwili vya kurukia, ambapo lazima afanye sarakasi hewani. Waamuzi hutazama zaidi anavyokata kona kati ya matuta, magoti yakiwa yamebanana. Sarakasi na mwendo hupewa alama pia, lakini chache zaidi. Nilifunga kompyuta nikiamini kwamba nimeelewa.

Siku ya safari, adhuhuri, nilifika Columbus, mtaa wa Reynoldsburg, kumchukua dada yangu Mapenzi. Yeye ndiye shangazi mkubwa wa Neema, na ujumbe wa namna hii hauendi bila shangazi. Alinipa ugali na sombe ya majani ya muhogo, akanitazama nikila.

"Bon, ulisoma yote ya ule mchezo?"

"Nimesoma."

"Na mifupa yao, ulisoma iko ya nini?"

Alivaa makoti mawili, akafunga kitenge juu yake, na kingine kipya akakikunja mkobani. Nilimuuliza hicho cha pili ni cha nini. Akasema mwanamke hatoki nyumbani na kitenge kimoja.

Hadi Cleveland barabara ilikuwa kavu. Tulipopita Erie, ziwa likiwa kushoto kwetu, mbingu ilishuka juu ya gari kama shuka. Nimeishi Kentucky miaka mingi na nilidhani najua theluji. Sikuwa naijua. Lori lililokuwa mbele yetu lilitoweka, zikabaki taa zake mbili nyekundu, kisha nazo zikapotea. Dada Mapenzi aliacha utani, akaanza kuomba kwa sauti. Mimi nilishika usukani, na tulipofika Buffalo vidole vyangu vilikataa kukunjuka.

Huko Buffalo tulipokewa na Ezekieli, Mrundi tuliyeishi naye zamani katika kambi ya wakimbizi. Mkewe alikuwa zamu ya hospitali, hivyo chai alitupikia mwenyewe. Nilipomweleza tulichokuja kufanya, alicheka.

"Mmekuja kumpeleleza Bahati? Huyo hana siri. Theluji ikijaa juu ya paa la mzee yeyote wa kanisa letu, ndiye anayepanda kuiangusha. Alifika hapa mdogo, shule ikawa inawapeleka watoto mlimani kujifunza skii. Wenzake waliogopa wakaacha. Yeye hakuacha."

"Donc anapenda kupanda juu tu," dada akasema. "Ile njo inaniogopesha."

Asubuhi Ezekieli alitupeleka kwenye kilima kilichoko kusini ya mji, ambako Bahati angeshindana siku hiyo. Mashindano yalikuwa ya wanaume wa nchi mbalimbali, na kando ya uzio wa nyavu za rangi ya chungwa nilisikia Kifaransa cha Kanada na lugha nyingine nisizozijua. Nilitazama juu nikashtuka. Kwenye video mteremko ulikuwa umelala. Hapa ulikuwa umesimama. Umejaa matuta kutoka juu hadi chini, yakifuatana kama matuta ya viazi vitamu kule Uvira, ila hapa mkulima angelima akiwa amefungwa kamba.

Kwanza washindani waliruhusiwa kuikagua njia. Waliteremka ubavuubavu, polepole sana. Bahati nilimtambua kwa koti la kijani ambalo Neema alikuwa amenionyesha kwenye picha. Alisimama kwenye kila tuta, akaligusa kwa fimbo, akarudi nyuma kidogo kulitazama tena. Alipofika kwenye kilima cha pili cha kurukia alikaa hapo muda mrefu kuliko wote.

"Njo ii tu?" dada akauliza. "Tumetoka mbali yote ile kuona mtu anatembea sawa kuku mu bustani?" Kabla sijamzuia, alikuwa ameshika simu, akimtumia Mama Neema ujumbe wa sauti: "Mama Neema, usiogope! Ni mchezo ya polepole. Ata mi naweza!"

Kisha mashindano yakaanza.

Wa kwanza alishuka, na sikuona miguu yake. Niliona magoti tu, yakipanda hadi kifuani na kushuka, haraka kama sindano ya cherehani, huku kichwa kikiwa kimetulia. Kwenye kilima cha kwanza alirushwa juu, akapinduka, miguu ikaenda mahali pa kichwa. Dada Mapenzi alinishika mkono. Wa tatu hakutua vizuri. Walimfunga kwenye sleji, machela ya kuburuta juu ya theluji, wakamteremsha mbele yetu amefumba macho.

"Banaua batu!" dada alipiga kelele. "Ezekieli, banaua batu na mnaangalia!"

"Mguu tu, Mama," Ezekieli akasema. "Atapona."

Bahati alikuwa anafuata. Nilitaka kuhesabu kona zake kama nilivyojifunza, nikashindwa kwa mwendo wake. Matuta ya juu aliyapita vizuri. Kilima cha kwanza, vizuri. Kwenye cha pili alipinduka nyuma, na akiwa bado hewani nilijua amechelewa. Alitua kwa mgongo. Skii moja ilimtoka, ikateremka peke yake, ikavuka mstari wa mwisho kabla ya mwenyewe. Alibingirika, akalala.

Nilichowaza wakati ule ni maneno ya Mama Neema. Swali limejibiwa, na nitalipeleka vipi jibu hili?

Ndipo Bahati akajiinua. Alitikisa kichwa, akaokota fimbo, akashuka kwa skii moja hadi chini.

Nilipogeuka, dada hakuwa kando yangu. Alikuwa amepita chini ya nyavu, makoti yote mawili na yeye, akipiga vigelegele huku analia. Akatoa kile kitenge kipya mkobani, akakitandika juu ya theluji mbele ya kijana. "Kanyaga, mtoto wangu! Uko mzima! Kanyaga!"

Nilipigwa na butwaa zaidi kuliko wakati Bahati alipoanguka. Katika familia yetu, shangazi akimtandikia mchumba kitenge na mchumba akakikanyaga, amepokelewa. Hakuna kikao kingine. Dada alifanya kwa furaha tu, lakini hatua moja ya Bahati ingemaliza neno ambalo Mama Neema alikuwa hajalisema.

Bahati alimtambua, kwa kuwa aliwahi kumwona kwenye simu ya Neema. Akaniona na mimi kwenye uzio, akaelewa tumefuata nini, maana Neema alikuwa amemweleza desturi zetu. Alivua skii iliyobaki. Akasogea hadi ukingoni mwa kitenge, akasimama.

"Shangazi, aksanti sana," akasema, akihema. "Lakini sitakanyaga. Mama Neema hajasema."

Alikizunguka, akizama kwenye theluji na vile viatu vizito. Kisha akainama kwa shida, mkono mmoja kiunoni, akakiokota, akakikung'uta, akakikunja mara nne na kumrudishia kwa mikono miwili.

Tulirudi kwa njia ileile. Ziwa lilikuwa limetulia, na hadi Reynoldsburg dada alisema jambo moja tu: "Papa Furaha, utamwambia nini?" Alinipa kitenge nikipeleke.

Jioni, Highview, nilimweleza Mama Neema kwa mpangilio. Kwamba ujumbe wa simu aufute. Kwamba mchezo ule unavunja watu, na sina hakika kwamba hauwezi kuua. Kwamba Bahati ameanguka mbele ya macho yangu. Nilikuwa nimesoma waamuzi wanatazama nini, nao hufunga kazi mtu akishavuka mstari wa mwisho. Nililotumwa kuliona lilitokea baada ya mstari huo.

Nikaweka kitenge mezani, nikaeleza.

"Alikanyaga?" akauliza.

"Alizunguka. Alisema wewe hujasema."

Alikikunjua. Kilikuwa bado na ubaridi wa safari. Kisha akakikunja upya kwenye mistari ileile aliyoikunja Bahati.

"Mgongo wake ukipona, aje huku," akasema. "Nitamtandikia mwenyewe. Na dada yako umuambie akae mbali na simu yake."