Jerikeni Chini ya Kitanda cha Gachoki

Nelius alipoolewa hapa kwetu, upande wa chini wa Kiritiri, alikuta bwana harusi analala na jerikeni ya oili chini ya kitanda. Alinisimulia mwenyewe tukacheka mpaka machozi. Mwanamke mwingine angerudi kwao. Yeye alivumilia, na miaka ilivyopita akawa anaipangusa vumbi kwa uangalifu kuliko viatu vyake vya kanisani.

Gachoki, ambaye mkewe alimwita Baba Ndwiga, alikuwa na mashine ya kusaga unga, ile ya dizeli inayosikika mpaka ng'ambo ya mto. Kwa injini hiyo hakuwa na mzaha. Oili mpya haikai kibandani, alisema, kwa sababu ya vumbi la unga na mabati yanayochoma. Inakaa ndani ya nyumba, gizani, juu ya vipande viwili vya mbao ili isiguse sakafu, na kifuniko kinakazwa kabisa. Ukikiacha kimelegea, alimwambia mkewe, mchana oili itavimba itoe hewa, jioni itapoa ivute unyevu, na hiyo si oili tena.

Katika kubadilisha oili nako, hakuangalia rangi. Watu huona oili nyeusi wakashtuka, na ya dizeli huwa nyeusi mapema tu. Yeye aliisugua kati ya vidole kutafuta mchangamchanga, akanusa kama imeungua, kisha akadondosha tone kwenye karatasi ya unga. Tone likitawanyika, kazi iendelee. Likikaa palepale na kuwa doa zito, mashine inazimwa hata kama foleni imefika barabarani. Siku hizo tulimsema vibaya sana.

Mwaka jana, mwezi wa tatu, kifua kilimchukua. Hakuacha shamba la maana wala ng'ombe. Aliacha injini, na ikikwama, Nelius hana kingine cha kumlisha. Kila aliyekuja kumpa pole alilijua hilo.

Baada ya mazishi mashine ilinyamaza, na ndipo Nelius akaanza kusikia. Jua likizama tu, kutoka upande wa kitanda aliokuwa akilala marehemu: tok. Kimya kirefu. Kisha tok nyingine, ya mtu anayegonga kwa kidole kimoja. Kesho yake hivyo hivyo. Alikuja kwangu bila hata kitambaa kichwani, akasema Gachoki anamwita amfuate. Nilimwambia Gachoki akitaka kumwita angemwita kwa jina, sauti ya kushinda injini alikuwa nayo. Hata hivyo jioni nilienda. Tulipiga magoti tukachungulia chini ya kitanda. Palikuwa na jerikeni peke yake juu ya mbao zake, na tukiwa tunaitazama, ikagonga. Sikupenda.

Mchungaji akaja akaomba, na jioni ikagonga tena. Wifi yake Karimi, ambaye hakosi jibu la jambo lolote, akasema pumzi ya kaka yake imefungiwa humo na lazima itolewe. Basi Nelius akalegeza kifuniko, akaibeba jerikeni hadi kibandani na kuiweka nje kidogo, chini ya ukingo wa mabati. Kugonga kukaisha siku hiyo hiyo. Akafungua mashine, akapata usingizi, akanenepa hata kidogo. Sote tulimsifu Karimi.

Mavuno yalikuwa mabaya, kazi ikawa kidogo, kwa hiyo oili ya mwisho aliyoweka Gachoki ilidumu mpaka baada ya mvua za Novemba. Asubuhi moja nilikuwa kwenye foleni na debe langu Nelius alipozima injini. Alisugua oili kwenye vidole, akanusa, akadondosha tone kwenye karatasi. Halikutawanyika. Akamwaga ile ya zamani yote, akaleta jerikeni. Kabla ya kujaza akaonja kwa macho kwanza, kwenye kikombe.

Ilitoka rangi ya chai ya maziwa. Maji ya mabati yalikuwa yamedondokea kile kifuniko kilicholegea msimu mzima, na jerikeni ikayavuta kidogo kidogo kila jioni.

Foleni ilimwambia aitie tu, injini haina macho. Alikaa juu ya gunia akanitazama mimi.

"Mama Linda, ilikuwa inagonga kwa vile imefungwa vizuri," akasema. "Inavimba mchana, jioni inajirudi. Miaka yote ilikuwa inagonga, ni vile saa hiyo mashine ilikuwa inanguruma. Ilikuwa inaniambia iko sawa, na mimi nikainyamazisha."

Akalia vile ambavyo hakulia kaburini. Nikajikuta nafuta macho yangu, na kwa kawaida mimi si mtu wa kulia na wengine.

Injini ilikaa tupu mpaka alipouza mbuzi. Nilimsindikiza Embu mjini kununua oili, tukarudi na bodaboda jua likielekea kuzama. Mwanaboda alibaki getini akihangaika na mpira aliofungia jerikeni. Sisi tuliingia ndani ili Nelius afagie chini ya kitanda kwanza. Nilimshikia shuka. Chini hapakuwa na kitu, mbao mbili tu.

Tok.

Nilitazama mlangoni. Jerikeni ilikuwa bado juu ya pikipiki, na mwanaboda anautukana mpira wake. Ikagonga tena, pale pale kwenye mbao, karibu na mkono wa Nelius.

Hakuruka. Aliweka fagio chini, akainama, akasema kwa upole, "Nimeileta, Baba Ndwiga. Iko hapo nje."

Kukawa kimya. Akatoka, akaichukua jerikeni, akakikaza tena kifuniko ambacho kilikuwa kimekazwa dukani, akaisukuma mahali pake. Kisha akanikaribisha chai. Nilimwambia mbuzi wangu bado wako nje, nikaondoka kwa miguu ambayo sikujua ninayo.

Sasa hivi jerikeni inagonga kila jioni, na hiyo ninaielewa: ni plastiki na joto, hata mtoto wa shule atakueleza. Injini inanguruma vizuri. Nelius amehamia kulala upande wa Gachoki, na anasema haogopi tena. Mahindi yangu mimi napeleka asubuhi.