Siku Moshi Ulipokosa Pa Kwenda

Wenyeji walisema sitapewa hata kona ya ukoka niitunze. "Stashahada ya bustani? Kwani majani si huota yenyewe?" walinicheka nilipoteremka Karatu na begi langu kutoka Morogoro. Haukupita muda, nikapata zabuni ya kutunza bustani ya loji moja kubwa njia ya kwenda kreta, lile bonde la wanyama wanakoshuka watalii, pamoja na mashine tatu za petroli za kufyekea, zile za kuning'iniza begani. Najisifu, ndiyo. Nilizitolea jasho.

Mwanangu, asubuhi moja ya ukungu haijanitoka kichwani. Huku kwetu majani hukatwa wageni wakiwa wameshuka kreta. Wakirudi wanataka kimya, na ukoka uwe kama zulia. Kwa hiyo tuliwasha mashine zote kwa pamoja katika ua wa ndani, uliozungukwa na vyumba pande zote. Juu yetu ukungu umekaa kama kifuniko. Moshi ukakosa pa kwenda.

Bura, mtu wa Mbulu niliyeanza naye kazi, akakohoa. Nikadhani ni baridi. Akakohoa tena, kisha akaanguka kwa magoti, mashine bado inanguruma begani, midomo imebadilika rangi.

"Zimeni! Zimeni zote!"

Tulimbeba hadi barabarani penye upepo. Meneja akatufuata mbio.

"Fundi, wageni wanarudi alasiri! Washa!"

"Bosi, mtu hapumui vizuri."

"Usipowasha, kesho usije."

Mimi nilikuwa nakitazama kifua cha Bura. Kinapanda, kinasita. Kinapanda tena. Sikuwasha.

Mama Elibariki, jirani anayefuga ng'ombe wa maziwa, alikuwa anapita na mzigo wa majani kichwani. Akautua.

"Majani yenu ng'ombe wangu hawayagusi, yananuka petroli. Leo mkiniachia niyakate bila hizo pikipiki zenu, nawaita wenzangu."

Walikuja na miundu, wakikata na kutaniana, kila mmoja akijifungia mzigo wake. Gari la kwanza lilipoingia, ua ulikuwa safi. Zulia halikuwa, lakini wageni walikaa nje wakanywa chai, jambo ambalo hawakuwahi kulifanya ua uliponuka petroli. Bura naye alikuwa ameegemea ukuta, kikombe mkononi, akilalamika kwamba sukari haitoshi. Sijawahi kufurahia lalamiko kama lile.

Kesho yake nilikwenda kazini. Meneja alinitazama, akanifungulia geti.

Mwanangu unayeshika mashine leo, usiiwashe kati ya kuta, wala ukungu ukiwa umelala chini. Mundu ukitosha, tumia mundu, na jirani alishe ng'ombe wake. Mwenzako akikohoa, zima kwanza, maswali baadaye. Zabuni utapata nyingine. Mimi nimepata nyingi, waulize walionicheka.

Mungu akupe kifua kizima, na majivuno ya kutosha kukataa unapoambiwa washa.