Kompyuta Isiyo na Swichi

Mjomba aliutuma ujumbe wa sauti kwenye kundi la familia, kule ambako hata mama zangu wadogo wa Saadani wasiojali kompyuta wangeusikia. "Jamani, ile katriji ya injinia wetu imeniulia kompyuta. Miaka yote hii inawaka, leo kaigusa mara moja tu, imekufa. Haya, tumshukuru Mungu." Mwishoni akacheka kidogo. Kicheko hicho ndicho nilichorudia kukisikiliza.

Injinia ni mimi. Hakutaja kwamba aliyeichomeka katriji ni yeye.

Mjomba ni mwalimu mstaafu wa hisabati, anaishi Kiwangwa, na mananasi yake yanaanzia nyuma ya jiko. Ujanani alisoma ng'ambo akarudi na kompyuta ya nyumbani, zile za kuunganisha na televisheni, zenye vitufe vya mpira na kumbukumbu ndogo kuliko picha moja ya simu. Kwa nyuma ina mwanya wa kuchomeka katriji, yaani kisanduku chenye bodi ya saketi ndani, kinachoiongezea uwezo. Katriji hizo haziuzwi tena madukani. Wanaozitengeneza siku hizi ni watu kama mimi, tuliotawanyika duniani, tunaokutana mtandaoni na kuchomelea vipuri kwenye meza za chakula za mama zetu.

Yangu niliichora kwa miezi minane hapa Bagamoyo, baada ya kuhitimu na kukosa kazi. "Wenzake wanazaa watoto, yeye anazaa vibao," alisema mama mdogo mmoja, na watu wakacheka, nami nikacheka nao, kisha nikakaa siku mbili nikijiuliza kwa nini nilicheka. Mtandaoni watu kumi walikuwa wanausubiri mchoro wangu. Niliwaambia sitautoa rasmi mpaka katriji ifanye kazi kwenye mashine halisi, kwa sababu mashine hizo zimebaki chache na ukiua moja umeua moja kweli. Niliyoweza kuifikia ni ya mjomba peke yake.

Nikaenda.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, injinia. Umekuja kuniponya au kuniua?"

"Kukuponya."

"Tutaona."

Kompyuta ile haina swichi. Ukitaka kuizima unachomoa waya ukutani. Na sheria ya kwanza, ambayo mjomba mwenyewe alinifundisha nikiwa darasa la nne, ni kwamba huchomeki wala kuchomoa kitu nyuma yake wakati ina umeme. Nilikuwa bado nasugua meno ya shaba ya katriji kwa ufutio, maana hewa yetu ya chumvi haiachi shaba salama, umeme ukakatika. Feni ya darini ikasimama.

"Lete," akasema, akanyoosha mkono.

Nikautazama waya, bado umechomekwa ukutani. Akaniona.

"Umeme umejizima wenyewe. Tuchomoe nini tena?" Akaichukua katriji mkononi mwangu.

Nilijua jibu. Umeme uliokatika hurudi bila kubisha hodi. Lakini nilianza kufikiria namna ya kulisema bila kuonekana ninamfundisha mwalimu. Nikaipanga sentensi. Nikaona ina ukali, nikaibadilisha. Nilipokuwa bado naipanga, mjomba alikuwa anaisukuma katriji, upande mmoja ukitangulia mwingine, na feni ikazunguka. Ilitoka sauti ndogo, kama njiti ya kiberiti inayovunjwa, kisha harufu.

Ujumbe wa sauti ulifika kabla sijafika nyumbani.

Na hapa ndipo ninapojikasirikia mwenyewe. Niliuamini. Si wote, nusu. Labda umeme ulirudi katriji ikiwa imeshakaa vizuri. Labda kosa ni la mchoro. Niliwaandikia wale kumi wasitengeneze chochote, nikauondoa mtandaoni mchoro wa awali niliokuwa nimewaonyesha, na kwa wiki tatu nikaupitia mstari kwa mstari, nikihesabu upya vitu nilivyokwisha kuhesabu. Mama akaniwekea ugali mbele yangu. "Iliyokufa ni kompyuta, si wewe. Kula."

Wiki ya nne nikarudi Kiwangwa na bisibisi na lenzi ya kukuzia. Mjomba alikuwa barazani anamenya mihogo. Nikaifungua mashine palepale, kwenye mwanga. Meno ya mashine yalikuwa yameungua upande mmoja, na alama ya moshi ilikata mshazari kutoka jino moja hadi la pili. Kwenye katriji kulikuwa na alama kama hiyo. Kama katriji ingekuwa imekaa sawa, alama isingeweza kulala hivyo. Mchoro wangu haukuwa na kosa. Haukuwa nalo tangu mwanzo.

"Mjomba, njoo uone hapa. Umeme ulirudi ukiwa bado unaisukuma."

Hakuinuka. "Najua."

"Tangu lini?"

"Tangu siku ile. Feni si niliiona?"

"Halafu ukawaambia watu wote ni katriji yangu."

"Na wewe uliutazama waya, nikakuona. Mbona hukusema?"

"Wewe ni mkubwa wangu."

"Haya. Na mimi kwa kuwa ni mkubwa, nitakosea vipi mbele ya wadogo zangu?" Aliyasema kwa utulivu, kama anafuta ubao baada ya kumaliza swali, kisha akachukua muhogo mwingine.

Kinachonichoma hadi leo ni kwamba nusu ya maneno yake ni kweli, na nusu hiyo ndiyo aliyoitumia kuifunika ile nyingine. Ndiyo, nilinyamaza. Lakini kunyamaza kwangu hakukumchafua mtu jina.

Nilipiga picha alama zile mbili, nikawaandikia wale kumi nikiwa hapo hapo barazani: tengenezeni, mashine iliunguzwa na mkono, mchoro hauna kosa. Nikaurudisha mchoro mtandaoni, nikiandika kwamba bado ni wa majaribio.

"Na kwenye kundi la familia utaandika?" akauliza.

"Huko utasema wewe."

Hajasema. Hutuma picha za mananasi na dua za Ijumaa. Chipu za kuifufua mashine yake zimefika wiki iliyopita, na kazi yenyewe ni ya asubuhi moja. Mama ameniuliza naenda lini. Nimemwambia siku mjomba akisema ukweli kundini.

"Basi kompyuta ya watu itakaa imekufa muda mrefu," akasema.

Nikamwambia na ikae.