Loki ya Cheni ya Mama

Juzi pale Iyunga fundi baiskeli aliibana loki ya cheni kwa plaizi, ikafunguka papo hapo, nami nikapandwa na hasira mpaka akaniuliza, "Dada, nimekosea nini?"

Hakukosea. Nilikumbuka ya kwetu, ile iliyogoma.

Ilikuwa mchana, nyumbani Iringa, nikiwa mtoto, ua mzima ukinuka mafuta ya taa. Baba alikuwa ameimwagia mafuta hayo loki, kile kibati kidogo kinachounganisha ncha mbili za cheni, maana kilishikwa na kutu. Aligonga kwa nyundo, akatukana kwa Kihehe, akagonga tena. Mimi nilishika tairi la baiskeli ya Mama, nikiamini tunamtengenezea, kwa kuwa jioni alikuwa na mazoezi ya kwaya na kanisa lilikuwa mbali. Nikamwonea Baba huruma. Nikachukua bisibisi, nikaichomeka pembeni mwa kile kibati, kikaruka, tii!

"Safi sana, mwanangu," Baba alisema. Akaikunja cheni, akaitia kwenye mfuko wa koti, akaenda zake kilabuni kunywa ulanzi.

Cheni ile ilikuwa nzima! Leo najua kwamba Baba hakutaka Mama akaimbe na wanaume. Kumkataza usoni aliogopa, akanitumia mimi.

Mama alitoka ndani amevaa sare ya kwaya. Kabla hajaiona baiskeli, nilimkimbilia nikipiga makofi.

"Mama, Baba alishindwa! Mimi ndiye niliyeifungua!"